Afisa Aliyevua Viatu Mlangoni mwa Boti Yetu

Jamani, leo mtu amevua viatu na huenda boti yetu imepona.

Mnajua mimi na mama tunaishi kwenye boti hapa Stockholm. Sasa manispaa inataka kupandisha sana ada ya kuegesha. Ikipanda, sisi na majirani zetu wa gatini tutalazimika kuhama.

Leo afisa wao alikuja kukagua. Nilimsomea hotuba yangu ya Kiswidi palepale gatini, huku nikitetemeka kwa baridi.

Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Pole, lakini kwetu hiki ni chombo kilichoegeshwa. Si makazi."

Nikaanza kuisoma hotuba upya, tangu mwanzo. (Mnanijua.)

Mama akachungulia kutoka ndani ya boti. "We Neema, mgeni unamsimamisha kwenye baridi? Mwambie apite, chai iko tayari."

Afisa alipofika mlangoni, akainama, akavua viatu na kuvipanga kando ya vyangu. Soksi ilikuwa imetoboka, kidole gumba nje.

Nikamuuliza taratibu, "Samahani, mbona umevua viatu?"

"Siwezi kuingia na viatu nyumbani kwa..."

Akatazama kidole chake. Tukacheka sote watatu.

Hakuahidi kitu. Ila amesema kwenye ripoti yake ataandika kwamba hapa wanaishi watu, na ataomba madiwani waje kujionea kabla ya kuipigia kura ada hiyo.

Mama ameshaanza kuwaza chai ya madiwani wote.

Nani ana vikombe vya kutuazima?