Siku Muzdalifa alipojifungia nje ya mtandao wa Mkokoni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua la Kibiti halijapanda juu ya bati za maduka ya barabara kuu. Muzdalifa Sadala ameketi mkekani, mgongo ukutani, kompyuta mapajani. Kando yake kuna kikombe cha chai ya tangawizi kilichokwisha kupoa na chapati ambayo haijaguswa.

Kompyuta inamuuliza swali. Analisoma, anafumba macho kidogo, anajibu: hapana. Inamuuliza jingine. Ndiyo. Inakuja la tatu, na hapo anakaa muda mrefu, midomo ikicheza bila sauti.

"Hili sikurupuki nalo tena," anasema.

Maswali ya namna hiyo, kwa upande wa mtandao peke yake, yanapita mia tatu. Yanahusu kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kile kinachoamka kwanza kompyuta inapowashwa na kushika kila kitu kilichomo ndani yake: kumbukumbu, nyaya, redio. Anayejenga kerneli huchagua kiingie nini na kiachwe nini. Kila kipengele hujibiwa ndiyo au hapana, na vingine huwekwa pembeni viitwe pale tu vinapohitajika.

Muzdalifa, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ndiye fundi pekee wa mtandao wa redio unaounganisha zahanati, shule na ofisi za vijiji kumi na moja vya delta ya Rufiji. Kila kituo kina antena juu ya mlingoti na kisanduku cha chuma kinachotosha kwapani, kinachotumia umeme wa sola. Visanduku ni vya zamani, vya msaada, na kumbukumbu yake ni ndogo kuliko ya simu ya bei rahisi.

"Ukikiwekea kerneli nzito, kinahema," anaeleza. "Kwa hiyo namshonea kila mmoja nguo ya kipimo chake. Simpi mtoto koti la babu yake."

Akishamaliza kujibu maswali, kompyuta huanza kujenga. Kazi hiyo huchukua karibu saa nzima, na mistari ya maandishi hupanda kwenye kioo bila kukoma. Wengine wangeondoka wakafanye mambo yao. Muzdalifa hubaki akiitazama. Macho yanalegea, mikono inatulia, na yeye mwenyewe hayupo tena pale mkekani.

Mama yake, Mwanamina, anapita na ndoo ya maji na kumtupia jicho.

"Umekwenda wapi leo?"

"Leo nipo Mkokoni, mama."

"Wasalimie."

Anasema huko anakokwenda ni kwenye vijito vya delta, ila hapandi chombo chochote. Anaona maneno ya watu yakipita juu ya mikoko, juu ya kaa na korongo, bila kulowa. Neno la nesi linatoka kisiwani kwenda bara. Jibu linarudi kwa njia ile ile, linaingia dirishani. "Najua ni mawimbi ya redio tu. Lakini mtu akiyaona hivyo, kuna ubaya gani?"

Hakuanza na ndoto. Alizaliwa Ikwiriri, baba Mmatumbi, mama Mndengereko, wote wakulima. Alisoma cheti cha kompyuta Dar es Salaam, na mwaka wa pili ada ikakosekana. Akarudi nyumbani na kuajiriwa kwenye duka la steshenari, akichapa barua za watu na kutoa nakala za vyeti vya kuzaliwa.

Siku moja mwalimu kutoka delta alileta kisanduku kilichokufa. Muzdalifa alikifungua, akakiunganisha na kioo, na mbele yake ukatokea mlolongo wa maswali, kila moja likiwa na maelezo yake kwa Kiingereza.

"Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji," anacheka. "Nikachukua kamusi. Nilikaa na kile kisanduku wiki sita, na bosi wangu akawa ananikata jicho."

Kila alichokielewa alikiandika kwa Kiswahili kwenye daftari. Sasa yupo daftari la tatu. Ukurasa unaohusu kuchuja pakiti unasomeka hivi, kwa mwandiko wa kulala kidogo: "Pakiti ni kipande cha ujumbe. Ujumbe mrefu hukatwa vipande, na kila kipande huandikwa kinatoka wapi na kinakwenda wapi. Kuchuja ni kuyasoma maandishi hayo na kuamua: pita, subiri, au rudi ulikotoka."

Kisanduku kile kilifufuka. Ushirika wa vijiji uliokuwa na mtandao huo ukamwita, na mpaka leo unamlipa shilingi laki tatu kwa mwezi pamoja na nauli za boti. Si nyingi, anakiri, lakini ni kazi ambayo akilala anatamani kuche.

Kisha ikaja Aprili ya mwaka jana.

Zahanati ya Mkokoni ipo kisiwani, katikati ya mikoko, mahali ambapo simu haishiki. Muuguzi wake, Habiba, hutumia mtandao wa redio kuita boti ya wagonjwa kutoka Nyamisati. Lakini mlingoti huo huo unahudumia shule na ofisi ya kijiji, na watu walikwisha kugundua kwamba wakikaa karibu na shule wanaweza kupakua video. Ujumbe wa nesi ukawa unakwama nyuma ya muziki na mpira.

Muzdalifa aliamua kujenga kerneli mpya yenye chujio, ili pakiti za zahanati zipite kwanza na nyingine zisubiri. Kumbukumbu ya kisanduku ilikuwa finyu, hivyo akapunguza hapa na pale. Alipofika kwenye kipengele kimoja cha chujio akaona ni kikubwa, na hakukumbuka kama alikuwa anakitumia. Akajibu hapana.

Saa mbili asubuhi akaituma kerneli mpya Mkokoni kwa njia ya redio na kukiamuru kisanduku kizime na kuwaka upya. Kwa kawaida huchukua dakika tatu. Akasubiri tatu, tano, kumi. Akakiita. Kimya. Akakiita tena.

"Nikaacha kukiita," anakumbuka. "Nikafungua orodha ya majibu yangu, nikaenda mstari kwa mstari. Nikakiona."

Kipengele alichokiondoa ndicho kinachokumbuka nani alianzisha mazungumzo. Amri zake zote zilikuwa zimeandikwa kwa kukitegemea: zuia kila kitu, kisha ruhusu majibu ya walioulizwa na watu tunaowafahamu. Kerneli ilipoamka bila kumbukumbu hiyo, ilitii ile amri ya kwanza na kushindwa kuzielewa zilizofuata. Ikazuia kila kitu. Ilimzuia nesi, ikaizuia shule, ikamzuia na yeye mwenyewe.

Kerneli ya zamani ilikuwa bado imo ndani ya kisanduku, lakini kuirudisha kulihitaji mkono wa mtu na waya, palepale Mkokoni.

Muzdalifa akachukua kompyuta, akaifunga kwenye mfuko wa plastiki, akapanda bodaboda. Masika yalikuwa yamechachamaa na barabara ya Nyamisati ilikuwa tope. Walianguka mara mbili. Saa tano alikuwa ufukweni, na Twalibu, dereva wa boti ya wagonjwa, alikuwa ameketi juu ya dumu la mafuta akisubiri kuitwa.

"Mkokoni leo hawajaniita," alisema Twalibu. "Nikajua wazima wote."

"Hawajakuita kwa sababu hawawezi kukuita, kaka. Washa twende."

Wakaingia kwenye vijito. Mvua ilikuwa imekatika, na maji yalikuwa yametulia kiasi kwamba mikoko ilionekana mara mbili, juu na chini. Muzdalifa anasema siku nyingine angeota pale, angesafiri mbali. Siku ile aliogopa hata kufumba macho.

Mwendo wa saa moja hivi, kwenye kona ya mkondo, wakaona mtumbwi unakuja. Mzee mmoja alikuwa anapiga kafi kwa nguvu zake zote. Katikati alilala mwanamke, kichwa kwenye mapaja ya kijana aliyekuwa anamkingia jua kwa kanga.

Mwanamke huyo alikuwa Tabu, mjamzito aliyekuwa na uchungu tangu alfajiri, na presha imepanda. Kijana ni mumewe, Saadi. Mwenye kafi ni Husseini, mjomba wa Tabu. Walikuwa wamemsubiri nesi aite boti, na boti haikuja, ndipo wakaamua kujitoa wenyewe kwa mtumbwi, safari ambayo ingewachukua mpaka magharibi.

Twalibu akazima injini, vyombo vikagusana. Saadi akaitazama ile kompyuta kwenye plastiki.

"Dada, wewe ndiye fundi? Nesi anasema mtandao umekufa."

Muzdalifa anasema palikuwa na nafasi ya kusema ndiyo tu, umekufa, poleni. Nani angejua?

"Haujafa," akamjibu. "Nimeufunga mimi, kwa kukosea. Ingieni humu, haraka. Mimi nitapanda huo mtumbwi."

Saadi akaingiza mikono chini ya mabega ya mkewe. Wakambeba Tabu kwa pamoja, wakamlaza kwenye boti. Alikuwa ameuma upindo wa kanga na hakupiga kelele, ila alimtazama Muzdalifa muda wote. Boti ikageuka, ikaondoka, na mawimbi yake yakauyumbisha mtumbwi mpaka maji yakaingia.

Muzdalifa akayachota kwa kopo. Husseini akaanza kupiga kafi kurudi alikotoka.

"Sasa bibie," mzee akauliza, "ulifunga kwa nini?"

"Nilitaka nesi apite kwanza, mjomba."

"Ukamzuia yeye."

"Nikamzuia yeye."

Husseini akatikisa kichwa. Akaendelea kupiga kafi mpaka Mkokoni.

Walifika saa tisa. Nesi Habiba alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Muzdalifa akamweleza kwamba wamepishana na Tabu, kwamba yumo kwenye boti, kwamba kosa ni lake.

"Nimeandika ujumbe ule mara tisa," alisema Habiba. "Mara tisa, Muzdalifa." Kisha akasogea pembeni. "Haya. Fungua."

Aliunganisha waya, akairudisha kerneli ya zamani, kisanduku kikaamka. Jumbe tisa za nesi zikatoka kwa mkupuo, zote za mgonjwa yule yule. Dakika chache baadaye likaja jibu la Twalibu kutoka Nyamisati: wamefika, gari limekwisha ondoka na Tabu na Saadi kwenda hospitali. Muzdalifa akaketi sakafuni chini ya kisanduku akalia. Habiba akamletea maji, akaketi naye.

Jioni ile Tabu alijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji. Mtoto alichelewa kupumua, wakamhangaikia, kisha akalia.

Wiki tatu baadaye Muzdalifa alirudi Mkokoni kuomba radhi. Alimkuta Tabu ukumbini kwao ananyonyesha.

"Siku ile nilikusikia," Tabu alimwambia. "Pale majini ulipomwambia mume wangu. Watu wengi wangenyamaza." Akamgeuza mtoto upande wa pili. "Nimekusamehe. Ila dada, usinifanyie tena."

Hakumfanyia tena. Siku hizi kila kerneli mpya hukaa siku tatu kwenye kisanduku cha majaribio chumbani kwake Kibiti, ikisumbuliwa kwa kila njia. Ikitumwa deltani, hupewa dakika kumi: Muzdalifa asipoweza kuingia ndani yake kwa redio na kuithibitisha, kisanduku hurudi chenyewe kwenye kerneli ya zamani. Na kwenye daftari, kipengele kile kimepigiwa mistari miwili ya wino mwekundu. Chini yake ameandika: "Hiki hukumbuka nani aliuliza. Bila hiki, jibu likirudi linaonekana geni."

Miezi minne baada ya mkasa alilijenga upya lile chujio. Sasa ujumbe wa Habiba hupita mbele, na muziki husubiri zamu. Vijana wa Mkokoni walinung'unika wiki moja, wakazoea.

Chumbani Kibiti, mistari imekoma kupanda. Kerneli imekamilika bila kosa. Muzdalifa anashtuka kama mtu aliyeguswa bega, anaikumbuka chai yake, anainywa hivyo hivyo baridi.

Hii aliyoijenga leo si ya zahanati wala shule. Ni ya bonde la mpunga ng'ambo ya mto, ambako kila msimu familia nzima huhamia mashambani na kuishi kwenye madungu, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya maji, wakilinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Huko nako simu haishiki. Shangazi yake, Safina, hukaa huko miezi mitano kwa mwaka, na mwaka juzi aliugua homa siku nne kabla mtu wa nyumbani hajajua.

Ushirika umekubali mlingoti mmoja wa majaribio, usimikwe kabla maji hayajapanda. Kisanduku kimekwisha patikana, kidogo kuliko vyote alivyowahi kushika, na ameijenga kerneli yake mara saba mpaka ikaenea.

Ukimuuliza anatarajia nini siku kitakapowaka, anategemeza kichwa ukutani na macho yanalegea tena.

"Watu wa ushirika wanataka hotuba, mwenyekiti azungumze na bonde, watu wapige makofi," anasema taratibu. "Mimi nataka nikae hapa, asubuhi kama hii, nisikie shangazi anaita kutoka kule juu ya maji. Hana shida yoyote, haumwi. Anasema tu, 'We Muzdalifa, chumvi imekwisha, mtu akija huku mpe aniletee.'"