Marumaru za Baraza la Mama

Tarehe 14 Novemba 2015. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika saa nne, kisha ukungu ukabaki kwenye migomba kana kwamba hauna kwa kwenda.

Leo tulikuwa na kikao kwa mwenyekiti wa mtaa. Nataka kuandika kilichosemwa kabla sijaanza kujipendelea. Nimeishia darasa la saba, na mkono wangu ni mzito kwenye kalamu, lakini nitajitahidi nisimwonee mtu.

Nianze na nyumba. Kaka yangu ni mtumishi wa serikali huko Kibondo. Mwaka 2013 alikuja hapa Kasulu na picha kwenye simu: nyumba nyeupe na kijivu, madirisha mapana ya alumini, nguzo mbili za mraba mbele, na paa limefichwa nyuma ya ukuta, huoni hata bati moja. Alisema mama atazeekea humo. Mama aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akauliza, "Kofia yake iko wapi?"

"Imefichwa, mama. Ndiyo ya kisasa."

"Nyumba imevuliwa kofia kama mtu aliyeingia msibani," mama akasema, tukacheka wote. Hata kaka alicheka.

Kaka hakujenga kwa majivuno, nitamsemea hapo. Tulikulia Makere kwenye nyumba ya nyasi iliyovuja, na mama alikuwa akitusogeza usiku kucha kutoka kona hadi kona. Yeye ndiye mkubwa, aliyaona zaidi yangu.

Ujenzi ulikwenda kidogo kidogo kwa miaka miwili. Fundi alikuwa mtu wa hapa hapa, mpole, mwenye utani. Kaka alikuwa mbali, kwa hiyo mambo madogo aliniachia mimi: rangi, vitasa, marumaru. Nilifurahi. Sijawahi kuchagua kitu kikubwa maishani.

Dukani nilichagua marumaru za kung'aa, rangi ya maziwa, za ndani na za baraza la nje pia. Fundi aliokota moja, akaipitishia kidole.

"Dada, hizi za sebuleni sawa. Za nje chukua zile zenye mikwaruzo."

"Zile zinafanana na sakafu ya choo cha stendi."

"Hizi ni za kuchezea dansi, si za kupitia mzee."

"Wewe bandika, fundi. Picha ya kaka inang'aa mpaka nje."

Alicheka, akazibeba. Maneno hayo tuliyasikia sisi wawili tu. Mwenye duka alikuwa anahudumia watu wengine.

Tulihamia mwezi wa nne mwaka huu. Mama alipewa chumba chenye choo ndani, akakikubali kwa heshima tu. Lakini baraza alilipenda. Kila asubuhi alitoka na ndoo, akachovya vidole, akanyunyiza maji sakafu nzima, halafu ndipo akashika ufagio. Wanawake wa kwetu wote wamekua hivyo. Sakafu ya udongo usipoinyunyizia maji, vumbi lote linapanda kwenye vyakula na vifua. Kwa mama, sakafu isiyonyunyiziwa ilikuwa bado haijafagiwa.

Nilimwambia mara moja. "Mama, hii haina vumbi. Inatosha kufuta na kitambaa."

Alinitazama. "Leo wewe ndiye unanifundisha kufagia?"

Nikaona aibu. Sikurudia. Nikawa namfuata nyuma na kitambaa kikavu, nafuta alikopita, najifanya nasafisha miguu ya viti. Tulikwenda hivyo miezi mitano. Sijui kama alitambua. Huenda alitambua akanihurumia.

Asubuhi ile ya mwezi wa tisa nilikuwa bombani. Ndoo yangu ilishajaa. Nilisimama kuzungumza na jirani kuhusu kampeni za uchaguzi, jambo lisilonihusu sana. Niliporudi mama alikuwa chini, ufagio bado mkononi, maji yametapakaa pande zote yanametameta. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alikaa hospitali siku kumi na tisa, homa ya mapafu ikaingia, tukamzika.

Siku ya mazishi kaka alimtukana fundi mbele ya watu. Alisema ameweka marumaru za sebuleni nje, kwamba ni muuaji mwenye mwiko. Nilikuwa nimekaa mkekani hatua tatu kutoka pale. Nilisikia kila neno. Niliinamisha kichwa na watu wakadhani ni majonzi. Yalikuwa majonzi kweli, lakini hayakuwa peke yake.

Baada ya hapo maneno yalitembea. Fundi alikuwa ameahidiwa kujenga nyumba ya daktari mmoja mgeni, ya paa la kuficha kama yetu, na daktari akaanza kusitasita. Kaka naye akafungua shauri kwa mwenyekiti, iandikwe kwamba fundi huyu hafai, ili mwingine asiumie. Nadhani alihitaji kifo kile kiwe na mwenyewe, mtu wa kulaumiwa.

Leo basi tukakaa kwa mwenyekiti, kwenye mabenchi, nguo zimelowa ukungu.

Kaka akauliza, "Nani alibandika marumaru za baraza?"

"Ni mimi," fundi akasema.

"Ulijua zinateleza?"

"Nilijua."

"Hata kama tulizinunua sisi, mgonjwa akikuomba sumu utampa?"

Mwenyekiti akamwambia fundi, "Jitetee, bwana. Ulimwonya mtu yeyote?"

Fundi akanitazama mara moja, kisha akatazama kofia yake magotini. "Wenzetu wamefiwa. Sina la kusema juu ya wafiwa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tangu mazishini alikuwa ananificha. Angeweza kujiokoa kwa sentensi moja. Nilingoja kidogo nione kama ujasiri utakuja, haukuja, nikasema bila huo ujasiri.

"Alinionya mimi. Dukani. Nilimkatalia."

Kaka akageuka taratibu. "Wewe?"

"Mimi ndiye nilichagua. Na nilikuwa na kawaida ya kufuta maji nyuma yake, ila ile asubuhi nikachelewa bombani."

"Siku ya mazishi ulinisikia."

"Nilikusikia, kaka."

Mwenyekiti akafunga daftari lake, akasema shauri hakuna, na kwamba kaka amwombe radhi mwenzake. Kaka alisimama, akamshika fundi mkono kwa mikono miwili, akaomba radhi vizuri, sauti inasikika hadi njiani. Nitamsifu kwa hilo. Si wengi wangeweza.

Fundi aliitikia kwa heshima. Halafu akasema, bila ubaya, kama mtu anayetoa habari, "Ila daktari alishaleta mafundi kutoka Kigoma mjini. Jumatatu wamechimba msingi." Akapanda baiskeli yake akaenda.

Nilidhani nikisema kweli kitu kitarudi mahali pake. Nimeisema miezi miwili baadaye, ikaninufaisha mimi kuliko aliyeihitaji. Hata sasa sina hakika kama nilisema kwa ajili yake, au nilichoka tu.

Tuliporudi kaka alivua viatu, akakaa barazani mgongo ukutani.

"Kwa nini zile?" akauliza.

"Zilikuwa zinang'aa. Nilitaka mama aone kwamba na sisi tumefika."

"Mimi ndiye nilileta picha," akasema. Sikujua ananisamehe au anajihukumu, na sikuthubutu kuuliza. Kesho anarudi Kibondo.

Jioni tulikula ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Kaka alinawa, akamega matonge mawili, akasema ameshiba. Kilichobaki walimaliza wanangu.