Filamu ya mavazi ya kifahari ilininywesha waini ambayo sikuinywa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Dutwa, na sijaongeza chumvi. Iliyokuwemo inatosha.

Mimi ni mkulima wa pamba, na nilikuwa mnywaji. Siyo mnywaji wa sikukuu, mnywaji kamili. Mke wangu alichoka akarudi kwao Mwamapalala.

Nikaacha pombe, nikamfuata. Baba mkwe alinirudishia binti yake mbele ya wazee kwa sharti moja: siku nikishika glasi tena, anarudi kwao na hakuna kikao kingine.

Sasa bwana, msimu wa kuvuna wakaja vijana kutoka Dar kurekodi filamu fupi ya kutangaza mavazi ya bei mbaya. Walitaka shamba la pamba na mwanaume mrefu. Shamba lilikuwa langu, urefu pia wangu.

Wakanivalisha koti refu jeupe. Wakuu, nilipendeza! Nikawa natembea kwa madaha hata kamera ikiwa imezimwa.

Scene ya mwisho: natoka shambani, nakaa kwenye kiti, nakunywa waini huku naangalia ng'ombe wakirudi.

Nikamwambia director, dada mmoja mpole, kwamba mimi situmii. Akasema nigusishe mdomo tu. Nikacheka. Anayeweza kugusisha mdomo tu hajawahi kuwa na haja ya kuacha.

Nikamweleza kuwa huku kwetu mtu akitoka shambani anapewa maziwa mgando kwenye kibuyu. Akakubali. Nikayanywa kwa mikupuo, masharubu yakawa meupe, nikajifuta kwa mkono wa lile koti lao. Yule dada alishika kichwa.

Nikarudi nyumbani najiona staa.

Filamu ikatoka. Mwanzo mzuri, mimi huyo katikati ya pamba. Nakaa kitini. Halafu unaonekana mkono kwa karibu umeshika glasi ya waini, kisha sura yangu inatabasamu. Kibuyu hakipo kabisa. Walichukua mkono wa mtu mwingine wakauunganisha na uso wangu.

Nikairudia mwanzo hadi mwisho. Kila aliyependeza humo ana glasi mkononi. Zamani nisingeona kitu, ningeona koti tu. Ukishaacha pombe unaona jinsi unavyouziwa koti na kiu kwa pamoja.

Clip ikazunguka kwenye magroup. Jamaa mmoja niliyekuwa nakunywa naye akaniandikia, "Karibu tena nyumbani."

Mke wangu alikuwa amekwenda Lamadi kuchukua dagaa. Nikampigia, hapatikani. Jioni shemeji akapiga: dada yake yuko kwao Mwamapalala, na baba ananiita kesho.

Nililia wakuu, na sioni aibu kusema.

Asubuhi nikafika. "Mwangaluka baba," nikamwamkia nikiwa nimeinama. Akaitikia, akanionyesha kigoda. Nikaanza kujieleza kuhusu maziwa na editing, nikajisikia mwenyewe ninavyofanana na mlevi anayejitetea.

Mke wangu akatoka ndani na simu ya kaka yake. Hata hakunisalimia. Akaniambia ninyooshe mkono.

Nikaunyoosha. Kucha zimekatika, mikwaruzo ya kuchuma pamba kila mahali. Akauweka kando ya ule wa kwenye simu, laini, na pete kubwa.

"Baba, niliiona hii Lamadi nikaja moja kwa moja kabla hujaamua," akasema. "Huu mkono haujawahi kushika jembe. Wa mume wangu naujua."

Kumbe simu yake ilikuwa imeisha chaji tu.

Baba mkwe akavaa miwani, akaikagua mikono yote miwili kama anayenunua ng'ombe mnadani. Kisha akacheka mpaka akakohoa, akaagiza tuletewe chakula.

Nilichojifunza? Nikiwa nimeacha pombe, muda wote niliishi na mke wangu kama na refa, nikidhani anasubiri nicheze faulo anitoe nje. Kumbe alikuwa timu yangu, tena beki.

Karibuni wakuu. Wewe nani alikusimamia siku ushahidi wote ulipokukataa? Na kama hujawahi kumshukuru, weka simu chini kwanza ukamshukuru, comment itasubiri.