Kupandisha Barafu Vidunda

Kwa miaka mingi ya mwisho niliyofundisha sayansi katika shule ya msingi pale Mikumi, kulikuwa na somo moja nililokuwa nalikwepa. Likifika tu, naumwa kichwa. Mwalimu mwenzangu ananishikia kipindi, mimi naenda kukaa stoo na majembe ya shule mpaka kengele igongwe. Somo lenyewe ni jepesi: maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi, nayo iko katika hali tatu, yabisi, kimiminika na gesi. Watoto wanalipenda. Ukiuliza mfano wa yabisi, hakosi mmoja wa kumtaja bibi yake, kwa sababu bibi anaumwa baridi yabisi ya magoti, na darasa zima linaangua kicheko. Zamani na mimi nilikuwa nacheka.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa tanboi wa lori. Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilisemwa ni ruksa. Sisi tuliokulia kwenye foleni za sabuni na sukari ya kupimiwa tuliona maajabu. Maduka yakajaa, malori ya watu binafsi yakapishana kwenda na kutoka Zambia, vibanda vya bia na nyama choma vikaota kando ya barabara, kila kimoja na redio yake inapiga kelele. Mdogo wangu akaondoka kwetu Vidunda, mlimani, akisema hawezi kuzeeka analima maharage kwenye mteremko, mkono mmoja jembe, mkono mwingine kashika mti asiporomoke. Akadandia lori, mama akalia, yeye akacheka.

Lori lao likipita Mikumi lazima ashuke kwenye grosari iliyo karibu na shule, achukue kipande cha barafu kwenye friza akitafune hivihivi, kru kru, mpaka meno yangu mimi yanaingia ganzi. "Dada," ananiambia, "duniani hakuna kitu kitamu kama hiki, na ni maji tu!" Alisema mlimani kwetu watu wanakufa hawajaigusa, na ilikuwa kweli. Umeme haukufika kule, na asiyeshuka bondeni aliijua barafu kwa kusimuliwa.

Kisha akaanza kukonda. Watu wa Mikumi hawana dogo, wakasema kakanyaga miwaya, yaani kapata Ukimwi. Walisema huku wanakunywa bia, mimi nikipita na kapu langu, wala hawakushusha sauti. Tajiri wake akamteremsha stendi na begi lake, lori likaendelea na safari. Nikampeleka hospitali. Siku hizo mambo ya kuchangia gharama yalikuwa yameanza, sindano ununue mwenyewe, glavu ununue mwenyewe, na dawa ya ugonjwa wenyewe haikuwepo hata kwa mwenye nazo. Daktari akaniita pembeni, akasema kwa upole nimrudishe nyumbani. Kila mtu wa miaka ile anajua maana ya maneno hayo. Ruksa! Kuuza ruksa, kununua ruksa, na kufa ruksa vilevile. Vijana wa kwetu walishuka, wakampandisha Vidunda kwa machela, akalazwa nyumbani kwa mama.

Nilipokwenda kumwona, kinywa chote kilikuwa vidonda. Ulimi ulikuwa mweupe, umevimba. Uji ulimchoma, maji yalimchoma, hata mate yake mwenyewe yalimchoma, akawa anayaacha yatiririke kwenye mto. Mama alimpepea kwa ungo mchana kutwa, hakujua afanye nini zaidi. Nilipoaga, alinivuta kanga nikainama. Akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Dada, niletee barafu."

Nikasema nitakuletea. Hakuniomba kitu kingine, na wala hakuniomba apone, maana akili zake zilikuwa timamu. Nilishuka mlima ule nalia, nikijua vizuri sana nilichoahidi. Nilikuwa mwalimu wa sayansi. Nilijua barafu ikikaa kwenye joto inakuwaje, nilishaandika ubaoni mara nyingi mno.

Mama mwenye grosari alikuwa mtu mwema, mdomo tu ndio haukuwa na breki. Nikamwambia ninachotaka, akacheka mpaka akashika kiuno. "Wewe mwalimu! Barafu ifike Vidunda? Si uchukue soda tu, utafika na soda." Nilipomweleza ni ya nani, akafungua friza, akatoa samaki wake wote kupisha sufuria yangu. Tatizo likawa umeme. Ulikuwa wa mgawo. Maji yakianza kuganda ukingoni, unakatika, yanarudi kuwa maji, tunaanza upya. Mimi natoka darasani mbio naenda kuchungulia friza la watu. Nilimchukia kila aliyehusika na umeme ule, nikamtukana kimoyomoyo, mimi Mkristo.

Siku moja likapatikana. Pande zima, gumu, la kujaza ndoo ndogo. Nilikuwa nimeomba maranda kwa seremala, nikayajaza chini na pembeni, nikalifunika, nikaweka mfuniko, kisha nikaizungushia ndoo sweta langu na juu yake blanketi. Watu wakasogea kutazama. "Mwalimu, blanketi linatia joto, unaichemsha hiyo!" Mama mwenye grosari naye akadakia, "Umeivalisha sweta isipate mafua?" Nikawaeleza kwa hasira kwamba blanketi halina joto lake, linazuia tu joto kupita, liwe la kutoka ndani au la kutoka nje. Hakuna aliyeniamini. Wakanitakia safari njema kwa ile sauti wanayomwombea mgonjwa wa akili.

Nikapata nafasi nyuma ya pikapu ya mchuuzi wa ndizi iliyokuwa inakwenda Kidodi. Njiani tairi likapasuka. Dereva akashuka, akalitazama, akawasha sigara kwanza. Nilimkemea kama mwanafunzi wangu, akanijibu, "Taratibu mama, kwani umebeba maiti?" Jua lilikuwa kali, hakuna mti. Nikaisogeza ndoo chini ya gari, nikakaa nayo huko, sketi yangu ya kazini ikajaa vumbi na oili. Tulipoondoka tena, mzee mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka. "Mwalimu, ndoo yako inakojoa," akasema. Alikuwa anatania, lakini niliangalia lile tone likining'inia chini ya blanketi, nikalikaza blanketi upya.

Kutoka barabarani kupanda kwetu ni kwa miguu. Nikaitwika. Maji yakaanza kunishukia shingoni, yakapita mgongoni, baridi kabisa, baridi ile ile aliyokuwa anaihitaji yeye mdomoni. Nilitaka kukimbia. Lakini mlima ule una wazee, na kwetu humpiti mzee kama unapita kisiki. Nikikutana naye, natua ndoo, napiga goti, shikamoo. Marahaba mwanangu, habari za Mikumi? Nzuri. Watoto wa shule? Hawajambo. Na mwalimu mkuu? Hajambo. Ningesema nina haraka, ningekuwa nimetukana. Ndani ya blanketi barafu inakwisha, mimi nimepiga goti najibu habari za mwalimu mkuu. Babu mmoja akauliza nimebeba nini, nikasema maji. Akanitazama juu mpaka chini. "Maji? Unatupandishia maji sisi? Kwani chemchemi imekauka?" Akaenda zake anatikisa kichwa, na hadithi ikanitangulia kijijini kwamba binti wa fulani kasoma mpaka kapitiliza.

Kilichonitia kichaa ni uzito. Ndoo ilikuwa nzito karibu vilevile kama nilipoitoa Mikumi. Kilichonimwagikia mgongoni kilikuwa kidogo tu. Kitabu kinasema maada haipotei, inabadilika umbo, na shingo yangu ilikuwa shahidi. Nilikuwa nimebeba kila kitu nilichoondoka nacho, isipokuwa kile alichoniomba. Sijawahi kuuchukia ukweli kama nilivyouchukia ule.

Nikafika jua limeinama. Nikafungua mfuniko palepale uani, nikapapasa kwenye lile togwa la maji na maranda. Kulikuwa na kitu. Kidogo, cha ukubwa wa yai la kuku, kinateleza, lakini kigumu. Nikapiga kelele peke yangu, "Ipo!" Nikakiweka kwenye bakuli pamoja na maji yake kidogo, nikaliweka kwenye kigoda mlangoni pa jiko, kivulini, nikakimbilia ndani.

Mdogo wangu alinisikia. Alikuwa anajaribu kuinuka. "Imefika?" akauliza. "Imefika, mdogo wangu." Akatabasamu, midomo ikapasuka, akaacha. Akataka kukaa, hakutaka kuila amelala kama mtoto. Alikuwa amechafuka, nikamfuta, nikambadilisha shati, nikamwegemeza ukutani na mto mgongoni. Alikuwa mwepesi, nilimnyanyua mwenyewe bila msaada. Nilipogeuka nikafuate bakuli, mama akaingia na kikombe.

Sasa lazima nieleze, maana nisipoeleza mtamwona mama mjinga, na hakuwa mjinga. Msimu wa mvua uliotangulia, kipindupindu kiliua watu bondeni. Bwana afya alipanda mpaka kwetu, akakusanya kina mama, akawaambia jambo moja tu akalirudia mpaka wakalikariri: maji yoyote yanayotoka bondeni yachemshwe, hasa ya mgonjwa. Mama alikariri kuliko wote. Mtoto aliyemlaza mle ndani alikuwa hanywi tone ambalo halijachemka. Basi akatoka shambani, akakuta kwenye kigoda bakuli la maji ya Mikumi, yana takataka za mbao, na ndani yake jiwe linaloteleza. Alikuwa hajawahi kuiona barafu maishani mwake, ila alitusikia ndani tukisema imefika.

"Nimekuchemshia hiyo barafu yako," akamwambia. "Nimechuja na uchafu wote. Ilichemka vizuri, usiogope."

Kikombe kilikuwa kinatoa mvuke.

Nilifungua mdomo. "Mama!" nikasema, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtoto kumwita mama yake. Mama akashtuka, kikombe kikayumba. Alinitazama mimi, akamtazama mwanawe, akaanza kuuliza kwa macho amekosea wapi. Mdogo wangu akainua mkono. Ule mkono, mfupa mtupu, akanioneshea kiganja, ninyamaze.

"Lete mama," akasema.

Mama akakipuliza kwanza kile kikombe, akapuliza sana, kisha akamshikia. Akanywa. Nililiona koo lake likipanda na kushuka, niliona vidole vyake vya miguu vikijikunja chini ya shuka, machozi yakimtoka kwenye pembe za macho. Hakukitoa mdomoni. Akanywa mpaka kikaisha, yeye ambaye uji wa vuguvugu alikuwa anautema.

"Ahaa," akasema. "Baridi hiyo. Asante mama, imenipoza."

Mama akakaa kitandani akacheka, mara ya kwanza tangu waliposhusha ile machela mlangoni. "Nilijua," akasema. "Si umeona? Hata mate hayatoki tena." Akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga. Mimi nikatoka nje, nikaimwaga ile ndoo kwenye migomba, maranda na maji yote, nikaipiga teke ikaporomoka mteremkoni. Nilisaga meno nisilie kwa sauti wakanisikia.

Hakuomba barafu tena, wala sikuthubutu kumwambia nitarudi na nyingine. Tulimzika kabla ya mavuno ya maharage. Kwenye matanga majirani walikuja kumfariji mama, na mama akawa anasimulia, kila aliyeingia anamsimulia. Mwanangu hakufa na kiu, anasema. Dada yake alimletea barafu kutoka Mikumi, mimi mwenyewe nikamwandalia, akanywa, ikampoza. Wanawake wale ambao hawajawahi kuigusa wanashika kidevu, wanamsikiliza.

Sasa mama ni mzee, hashuki kitandani bila mtu, magoti yote yabisi. Nikimtembelea, wageni wakiwepo, bado anaisimulia. Mwaka jana kulikuwa na binti wa jirani aliyeolewa Morogoro, nyumbani kwake ana friji, akauliza kwa heshima, "Bibi, barafu mlimpaje?"

"Barafu ni nzuri sana kwa mgonjwa," mama akamjibu, "ila ichemke vizuri." Akanigeukia. "Si ndiyo, mwalimu?"

Binti akanitazama, anasubiri.

"Ndiyo, mama," nikasema.