Meno ya Wifi Magdolna

Etelka Bodnár alipotimiza umri wa kupanda tramu bila kulipa, hakumwalika mtu. Alivaa koti lake la kijivu, akapanda tramu ya kwanza iliyotokea, akaenda nayo mpaka mwisho wa reli, akashuka, akapanda nyingine. Jua lilipozama alikuwa amevuka mto Danubi mara kadhaa bila sababu yoyote. Kesho yake akafanya vivyo hivyo. Kabla juma halijaisha alikuwa amechoka, kwani aligundua kuwa mtu asiye na pa kwenda hachangamki hata akiwa ndani ya tramu.

Alikuwa mjane. Mumewe, Gyula, alikufa kimya kimya kama alivyoishi. Mtoto hawakujaliwa. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza katika kiwanda cha mashati, akishona kola, kola tupu; vifungo na mikono ya mashati vilikuwa vya wanawake wengine. Kiwanda kilipofungwa alipewa cherehani yake aende nayo nyumbani. Akaiweka barazani, akaifunika kwa kitambaa, na tangu hapo hakuigusa.

Chini ya jengo alimoishi, katika mtaa wa Kőbánya, palikuwa na karakana ya fundi wa meno ya bandia aitwaye Barnabás Szűts. Siku moja Etelka alimkuta mlangoni, amesawijika. Kijana wa pikipiki aliyemtumia kupeleka kazi zake alikuwa amefikisha boksi limebondeka na meno yamekatika vipande viwili. Barnabás alilalamika kuwa watu wa pikipiki hubeba meno kama wabebavyo pizza. Etelka akamwambia ampe yeye, kwa kuwa hakuwa na haraka wala pikipiki.

Hivyo ndivyo alivyopata kazi uzeeni. Kila asubuhi alishuka ngazi, akapokea visanduku vilivyofungwa kwa pamba, akavipanga mkobani, kisha akavisambaza kwa madaktari wa meno mjini kote, pande zote mbili za mto, Buda na Pest. Hakununua ramani. Alijifunza kwa miguu. Alijua asimame kwenye behewa gani la treni ya chini ya ardhi ili mlango ukifunguka akabiliane na ngazi moja kwa moja. Alijua ni tramu zipi huyumba kwenye kona, na hizo alizipanda amekumbatia mkoba kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Kijana akimwinukia ampishe kiti, alikaa, ingawa moyoni aliona haya kidogo.

Wakati mmoja mkaguzi wa tiketi, mtu mnene mwenye kitambaa cha buluu kilichofungwa mkononi, alimkuta ameuzingira mkoba kwa mikono miwili, akashuku.

“Mama, humo umebeba nini?”

“Meno.”

“Ya nani?”

“Sijui. Yangu haya hapa,” akasema Etelka, akayaonyesha.

Mkaguzi akaenda zake, na tangu siku hiyo kila walipokutana alimsalimu kwa kumwonyesha meno.

Sasa kuna jambo ambalo Etelka hakulisema kwa mtu. Katika kazi ile yote, upande mmoja wa mji aliukwepa. Akiletewa kazi ya Óbuda, juu kule kaskazini, alimwomba Barnabás aipeleke mwenyewe. Sababu ni kwamba upande huo ndiko alikokuwa akipita wifi yake, Magdolna, mjane wa kaka yake Dezső, aliyekaa Békásmegyer, kitongoji cha mbali kwenye njia ya treni ya kijani. Hao wawili hawakuwa wamesemezana kwa miaka mingi.

Chanzo kilikuwa kifo cha Dezső. Alikuwa fundi wa majokofu, mcheshi, na ndiye ndugu pekee Etelka aliyekuwa naye. Alipokufa, Etelka alidhani atalazwa katika kaburi la wazazi wao, ambamo nafasi ilikuwapo. Badala yake Magdolna alimchoma, kama watu wengi siku hizi wafanyavyo, lakini majivu hakuyazika. Aliyachukua nyumbani ndani ya chombo cha udongo. Alisema Dezső mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Etelka hakuamini. Walisimama kwenye ngazi za jengo la Magdolna, lifti ikiwa mbovu, majirani wakisikiliza nyuma ya milango, na Etelka akamwambia amemgeuza kaka yake pambo la kabati. Magdolna akajibu kwamba pambo hilo lilimkimbia dada mtu miaka yote kwa sababu ya mdomo wake. Wakaachana hapo.

Novemba moja Barnabás aliugua mgongo. Palikuwa na kazi ya Óbuda ya kupelekwa Alhamisi, na hapakuwa na mwingine. Etelka akapanda tramu namba moja, ile ndefu ya njano, akavuka Daraja la Árpád mvua ikigonga vioo, akafika kliniki. Msichana wa mapokezi akamwomba asubiri kidogo, kwani mgonjwa alikuwapo na daktari alitaka kuyajaribu meno saa hiyo hiyo.

Mgonjwa alikuwa mwanamke aliyejiziba mdomo kwa skafu. Etelka alikaa upande wa pili, akatazama sakafu. Halafu akaona kidole gumba cha mkono ulioshika ile skafu. Kilikuwa kimepinda kwa nje, na Etelka alikuwapo siku mlango wa jokofu ulipokibana. Alipoinua macho, Magdolna alikuwa anamtazama.

Hawakusalimiana. Magdolna asingeweza hata kama angetaka, kwa maana angefungua mdomo akaonekana kibogoyo, na hilo asingelifanya mbele ya wifi. Akaitwa ndani. Baada ya muda daktari akatoka na kisanduku. Meno ya juu yalikaa vizuri, ya chini yalimchoma ufizi. Lazima yarudi kwa fundi kuchongwa. Yakirudi leo kabla ya kufunga, vyema. Yasiporudi, mgonjwa atangoja mpaka Jumatatu.

Etelka akatoka nje na meno ya wifi yake mkobani. Ndani ya tramu, darajani, alifikiri mengi. Angeweza kuchelewa tu. Hakuna ambaye angemlaumu; mvua ilikuwa kubwa na yeye mzee. Alimwona akilini Magdolna akila uji wa semolina siku nne mfululizo, akaona picha hiyo haimfurahishi kama alivyotarajia. Alipofika karakanani alimwambia Barnabás, aliyekuwa amejilaza kwenye benchi, kuwa kazi ni ya haraka na ainuke. Barnabás akainuka huku akiguna, akachonga kwa kusimama. Etelka akarudi njia ile ile.

Alimkuta Magdolna kwenye kiti kile kile. Hakuwa amekwenda nyumbani. Akaingia ndani, na alipotoka skafu ilikuwa shingoni.

“Kwa hiyo ni wewe unayebeba,” akasema. Maneno yalimteleza kidogo mdomoni, kwa ugeni wa meno.

“Nabeba ya watu wote.”

“Ningejua, ningebaki kibogoyo.”

“Hujachelewa, wifi. Yatoe niyarudishe.”

Magdolna akataka kununa, ikamshinda, akacheka, kisha akashika taya kwa maumivu. Wakatoka pamoja kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kutokea. Wakaenda pamoja mpaka penye vituo, tramu ya mmoja upande huu, treni ya mwingine upande ule, wakasimama chini ya paa moja kwa ajili ya mvua.

Hapo Magdolna, akitazama reli, alianza kusema. Alisema Dezső yuko dirishani, upande unaopita treni. Kweli alitaka kuchomwa, hilo Etelka aamini asiamini. Lakini kuwekwa nyumbani hakuwahi kutaka. “Hilo lilikuwa langu,” akasema. “Kila nikisema leo nitampeleka, nashindwa. Basi nikamsingizia yeye.”

Tramu ya Etelka ikaja, akaiacha iende. Ikaja nyingine, akaiacha vilevile. Hasira aliyokuwa ameihifadhi muda wote ule hakuiona pale alipodhani ipo. Mwishowe akauliza kama lifti ya lile jengo imetengenezwa. Magdolna akasema imetengenezwa. Etelka akasema basi atakuja Jumapili.

Alikwenda. Akala keki ya mbegu za afyuni, kama waokavyo watu wa huko, akatazama chombo dirishani, kikatetemeka kidogo treni ilipopita. Kilikuwa safi, hakina vumbi. Akaenda Jumapili nyingine, na nyingine. Majira ya baridi yote hawakuligusa jambo lenyewe. Ardhi ilipolainika Magdolna ndiye aliyesema yuko tayari kumzika, nao wakakamilisha taratibu na ofisi ya makaburi.

Mpwa wa Magdolna alijitolea kuwapeleka kwa gari. Magdolna alikataa, akisema Dezső alikuwa akitapika ndani ya magari. Wakaenda kwa treni ya kijani mpaka penye Daraja la Margit, wakahamia tramu namba sita, ambayo saa zote hujaa. Magdolna alikuwa amechoka, akakalisha mkoba wenye chombo kwenye kiti cha pembeni yake. Mwanamke mmoja mwenye mifuko ya sokoni akasimama mbele yao.

“Samahani, mama, huo mkoba una tiketi?”

“Hana haja,” akasema Etelka. “Ni kaka yangu. Umri wa kupanda bure aliutimiza zamani.”

Yule mwanamke akatazama mkoba, akaelewa, akajivuta pembeni. Magdolna akaupakata mpaka walipobadili na kupanda namba ishirini na nane, inayokwenda makaburini.

Mchimbaji alikuwa ameshafungua mahali katika kaburi la wazazi. Hapakuwa na padri, wala hotuba. Magdolna akashusha chombo mwenyewe, akakawia kukiachia, na Etelka akamngojea. Udongo ukarudishwa. Kisha wakaketi kwenye kibanda cha karibu na kituo, wakaagiza supu ya maharage, na Magdolna akauma mkate kwa meno yake mapya bila matata.

“Sasa nyumbani nitazungumza na nani?” akauliza.

“Nipigie mimi. Ila si Alhamisi. Alhamisi nina meno mengi.”

Etelka aliendelea na kazi mpaka magoti yalipomkatalia ngazi. Barnabás alipata mtu mwingine, mstaafu wa posta, na Etelka alimfundisha njia zote, akamwonya kuhusu kona zinazoyumbisha. Mawifi hawakuwa marafiki wakubwa. Walizozana juu ya chumvi ya supu, juu ya Dezső alipenda nini na nini hakupenda, na juu ya njia ya kwenda kaburini. Etelka alishikilia tramu. Magdolna aligundua basi ambalo alidai linafika upesi. Hakuna aliyekubali kushindwa. Kwa hiyo Sikukuu ya Wafu kila mmoja huondoka kwake na maua yake, akapita njia yake, na anayetangulia humsubiri mwenzake langoni.