Maduara ya Chokaa Mlangoni

Ngoma ya msewe, ikichezwa na watu wa kijiji kimoja, haina tabu. Kila mchezaji anaijua miguu ya mwenzake. Lakini kwenye harusi ya dada yangu, hapo Wambaa, mwishoni mwa miaka ya hamsini, wachezaji wetu walitakiwa wapange safu na wenzao wa upande wa bwana harusi, watu wa Msuka ambao hawajapata kuwaona. Na uwanja wetu ulikuwa mwembamba kama ulimi wa paka. Niliona wazi: watagongana, na vile vifuko vya mbegu vinavyofungwa miguuni vitapasuka.

Nilikuwa na cheti kibichi cha shule ya usiku, na wakati ule hapakuwa na tatizo duniani lililonishinda. Nikatwaa chokaa, nikachora ardhini, uwanja mzima hadi mlangoni petu. Duara ni nafasi ya mtu mmoja, asiingiliwe. Mstari ndani yake ni upande anaoelekea. Nukta ni mguu wa kuanzia. Jua lilinichoma nikakaribia kuiva, lakini nilihisi hata Unguja nzima ingevuka bahari kuja kujifunza kwangu.

Alasiri wageni wakafika. Mama wa bwana harusi akasimama ghafla, akamshika mwanawe kanzu.

"Nani kapiga ramli mlangoni?"

"Si ramli, Bi mkubwa. Ni alama za ngoma. Kila duara lina mtu wake."

"Lina mtu wake! Mmemsikia? Mwanangu keshatiwa humo!"

"Hapana, mama. Hii nukta ni mguu tu."

"Mguu wa nani?"

Kila nikieleza nazidi kuwa mganga. Wachezaji wetu wenyewe, niliowafundisha asubuhi, wakarudi nyuma. Mmoja akaninong'oneza, "Bwana, hebu nitazamie na mimi, nitaoa lini?"

Dada yangu, keshapambwa, akalia dirishani: "Kaka, ukinivunjia harusi sikusamehe!"

Bi mkubwa akakata shauri. "Kama ni salama, yakanyage yote wewe. Ucheze, tukuone."

Nikacheza msewe peke yangu, bila ngoma, nikiruka duara hadi duara kama chura mwenye cheti, wageni wakicheka mpaka vilemba vinawalegea. Nikaburuza nyayo, haikubaki alama hata moja. Sikuanguka, sikufa.

"Haya, pita mwanangu," akasema, na bwana harusi akapita.

Kisha safu mbili zikapangwa kwenye uwanja mtupu. Ngoma haijakolea, wakagongana, vifuko vikapasuka, mbegu zikamwagika kama mvua ya masika.

Bi mkubwa, aliyekaa jirani yangu, akaguna. "Ah, nyie! Mbona hamkuwapimia nafasi?"

Nikazitazama nyayo zangu, nyeupe kwa chokaa.