Mchemraba Ndani ya Mchemraba

Mafuta yanapoungua juu ya chuma kinachozunguka hutoa harufu inayokwaruza koo, na harufu hiyo ndiyo iliyokuwa likizo yangu ya mwaka niliomaliza shule ya msingi. Karakana ya baba ilikuwa ndani ya ua wetu, mtaa wa Kamalondo: kuta za matofali, bati lililotobokatoboka, na katikati mashine kuukuu ya kukerezea vyuma. Yalikuwa majira ya baridi, vumbi jekundu likiingia kila mahali, na nje ya ukuta niliwasikia wasichana wenzangu wa mtaa wakiruka kamba na kucheka. Mimi sikuweza kutoka. Kaka yangu, aliyefundishwa mashine ile tangu mdogo, alikuwa ametorokea Kambove kuchimba madini, na tangu siku hiyo lango letu lilitiwa kufuli, na baba akawa anavaa ufunguo shingoni pamoja na rozari yake.

Na mimi nilikuwa na safari! Mama Adèle, jirani yetu mwuza samaki wakavu, alikuwa amerudi kutoka Pweto, kule ziwani, na ujumbe wa kambo; ndivyo tunavyowaita bibi zetu, na huyu alikuwa mama mzazi wa marehemu mama yangu. Macho yake yalikuwa yanaingia giza. Alitaka kuniona kabla hayajazimika kabisa, kwa sababu watu wote walisema nimechukua sura ya mama bila kupunguza kitu. Mama Adèle alikuwa tayari kunichukua kwenye lori la safari yake inayofuata. Baba alimsikiliza huku akifuta mikono kwa tambara.

"Utamupeleka," alisema. "Lakini amalize kwanza chuma yake."

"Eh, Papa Simon! Kambo yake iko anamungoya."

"Na mie niko nangoya muntu wa mashine. Akimaliza, ataenda."

Chuma hicho kilikuwa mtihani wa wakereza vyuma wa zamani, waliomfundisha baba kazi. Kwao hukuhesabiwa kuwa fundi mpaka ukiweze. Unapewa bonge la chuma, unalisawazisha pande zote sita liwe mchemraba kamili, kisha unatoboa tundu la duara katikati ya kila upande. Baada ya hapo, kwa kisu kilichopinda, unakata kwa ndani mpaka mchemraba mdogo ujitenge katikati ya ule mkubwa. Huo mdogo unacheza humo, unagonga kuta, lakini hautoki, maana pembe zake haziwezi kupita kwenye matundu. Hakuna kuunga wala kulehemu. Mashine yenyewe imezaliwa kwa ajili ya vitu vya mviringo, hivyo kuifanya itoe kitu cha mraba ni kazi ya kuibembeleza: unakaza moja moja taya zake zinazobana chuma, unatazama sindano ya kipimo, unalegeza, unakaza tena. Vidole vilikufa ganzi kwa baridi. Vipande nilivyoharibu baba alivitupa ndooni bila kunikemea, akisema tu, "Anza tena." Heri angenikemea, ningepata sababu ya kulia.

Siku moja kabla ya lori kuondoka nilifika upande wa mwisho. Huo ndio wa hatari, kwa sababu mchemraba mdogo ukiachia huku kisu kingali ndani, unarukaruka na kuvunja kila kitu. Tuliyeyusha mishumaa tukamimina kwenye matundu ili nta iushike. Kisha baba akarudi nyuma, akaniachia mashine. Nilisimama na mkono kwenye gurudumu la kusogezea kisu nikafikiri: nikisukuma kidogo tu zaidi, ukuta utakatika, baba atanikatia tamaa, na mtoto asiyefaa hafungiwi kufuli. Nilitaka kuharibu, nasema kweli. Lakini mkono ulikuwa umeshajifunza, ukasimama palepale ulipotakiwa kusimama. Tulipoichemsha ile nta ikatoka, nilitikisa chuma nikasikia kitu kikigonga ndani.

Baba alicheka mpaka machozi. Alitoka nacho mtaani, akakionyesha kwa washona nguo, kwa wauza duka, hata kwenye baa, na kwa mazoea akafunga lango nyuma yake. Aliporudi alikuwa amebeba ekseli ya kinu cha mahindi.

"Bantu beko naleta kazi!" alisema. "Sasa niko na fundi ku nyumba."

"Na Pweto, papa?"

"Pweto haitakimbia, mama. Kazi njo inakimbia."

Asubuhi lori liliondoka. Mimi nilikuwa nakaza taya za mashine.

Nilifika Pweto likizo ya mwaka uliofuata, baba aliponiachia mwishowe niende na Mama Adèle. Kambo alikuwa amekaa mlangoni, macho wazi, hayaoni kitu. Alinipapasa uso taratibu, paji, pua, kidevu. "Iko yeye," alisema. "Alikuya, na mie simuone." Sikujua la kumpa, nikamwekea kile chuma kiganjani. Alikizungusha, akaingiza kidole tunduni, akakitikisa.

"Nani alimufunga huyu mule?"

"Hakuna mwenye alimufunga, kambo. Alizaliwa mule."

Alikitikisa tena, akanirudishia.

Siku hizi kuna karakana mjini ambako kijana anabonyeza kitufe, na mchemraba kama ule unatoka umeng'aa kabla hajamaliza soda yake. Siwaonei wivu, kazi yangu ipo, na wenye vinu bado wananitafuta mimi. Baba na kambo wote wamezikwa. Kufuli nililing'oa wiki ileile ya msiba wa baba, na lango halijafungwa mchana tangu hapo, hata vumbi likiingia na vijana wangu wa karakana wakinung'unika. Kila majira ya baridi Mama Adèle, mzee sasa, hupita akiwa na mizigo yake na kuniuliza kama naenda naye Pweto. Namjibu kwamba niko na kazi. Lango liko wazi nyuma yake, barabara naiona yote, na mkono wangu uko kwenye gurudumu.